Makosa Yasiyotiwa Wino Mwekundu

Kila somo lilianza kwa tarehe. Kabla ya kichwa cha habari na kabla ya swali la kwanza, tuliandika siku, tarehe, mwezi na mwaka katika kona ya juu ya ukurasa, kisha tukapiga mstari kwa rula. Wenzangu wa darasa la saba waliifanya kazi hiyo kama mtu anayefukuza nzi usoni. Mimi niliifanya polepole. Kabla ya kuingia shule nilikuwa nimeyapima maisha yangu kwa mvua, kwa ukame na kwa kuzaa kwa ng'ombe. Hata siku niliyozaliwa, mama alichonieleza ni kwamba nyasi zilikuwa zimefika magotini. Kwa hiyo tarehe niliyoipata ubaoni niliipokea kama mali yangu, na tangu hapo sijaruhusu siku ipite bila kuijua inaitwaje.

Nilizaliwa katika nyanda za juu za Ngorongoro, katika boma la wafugaji, na nikaolewa kabla ya kushika kalamu. Mume wangu alikuwa amesoma. Tulipohamia Ganako, wilayani Karatu, na kujenga, yeye ndiye aliyekuwa macho yangu kwa kila kilichoandikwa: ujumbe wa simu, tangazo la kijiji, maandishi ya kwenye pakiti ya mbegu. Alifariki Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi. Siku zilizofuata simu yake iliita na kutetemeka, ikajaa salamu za rambirambi, nami nikawa naipeleka kwa jirani ili anisomee. Jirani alinisomea kwa sauti, watoto wake wakiwa wamekaa wanasikiliza. Nilivumilia juma moja. Kisha niliifunga ile simu katika kitambaa na kuapa kwamba mambo yangu hayatapita tena katika mdomo wa mtu mwingine.

Nilianza na darasa la watu wazima, lililofanyika alasiri katika shule ya msingi iliyo karibu na kwangu. Tulikuwa wanawake kadhaa. Mmoja alivuna mahindi asirudi, mwingine akapata kazi ya kufua katika hoteli ya watalii, na mwishowe nikabaki mimi na mwalimu. Jambo la kwanza nililolisoma bila kusaidiwa lilikuwa msalaba wa kaburi la mume wangu. Kwetu jina la aliyekufa halitajwi, hivyo nilisoma tarehe, jina nikaliruka. Mwalimu mkuu, mwanamke wa rika langu, alipoona kwamba siachi, alinitafutia ruhusa wilayani ili niketi na watoto wa darasa la saba na kufanya mtihani wa taifa pamoja nao.

Niliingia darasa la saba Jumatatu, tarehe nane Januari, nikiwa na sketi ya bluu niliyoishona mwenyewe, ndefu kuliko za wasichana, na sweta la kijani. Madawati yetu yalitengenezwa kwa watu watatu. Kwa sababu hayakutosha, watoto walikaa wannewanne, wa pembeni akiwa ameshikilia kwa paja moja. Dawati langu, lililokuwa dirishani, nililikalia peke yangu. Hakuna aliyeamrisha hivyo. Mtoto aliyeleta begi lake karibu alinitazama, akasema, "Samahani, mama," akaenda kujibana kwingine.

Asubuhi hiyo aliingia mwalimu wa Hisabati, kijana aliyetoka Mbulu, mdogo kuliko binti yangu wa Arusha. Darasa zima lilisimama. "Shikamoo, mwalimu." Nami nilisimama, lakini kinywa changu hakikufunguka. Mtu wa umri wangu, mjane, mwenye mtoto mkubwa, hamwamkii kijana. Yeye naye alijibu marahaba ya wote, akaniona, akakwama. Aliweka chaki chini, akaja mpaka kwenye dawati langu na kuinama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nilimjibu, nikaketi kabla ya kuambiwa.

Mvulana mmoja wa nyuma aliuliza, "Mwalimu, sasa mwanafunzi ni nani hapa?"

"Nyamaza wewe," kiranja wetu, msichana wa kutoka Buger, alimkemea. "Mama atakutwanga na hiyo rula."

Walicheka, nami nilicheka kidogo. Nilidhani nimepokelewa. Kwa kweli siku hiyo nilipewa kiti cha mgeni, na ilinichukua miezi kukiona.

Heshima yao ilikuwa ya kweli, sikutilia shaka hilo hata siku moja. Watoto wachache waliotoka kwa wafugaji wa Ngorongoro, wanaokaa kwa ndugu zao Karatu ili wasome, waliniinamishia vichwa kila asubuhi ili niwaguse utosini, kama wanavyowafanyia wakubwa nyumbani. Watoto wa Kiiraqw, wenyeji wa Karatu, hawana desturi hiyo, lakini waliiona, wakaipenda, nao wakaanza kuleta vichwa. Kufika Machi, kabla ya kengele ya kwanza, palikuwa na mstari mbele ya dawati langu kama wa kugawiwa uji. Niligusa vichwa vyote. Kisha walienda kwenye madawati yao kusukumana, kuazimana penseli na kunong'ona, nami nikabaki na dirisha langu na magari ya watalii yaliyopanda kwenda kwenye geti la Ngorongoro.

Wakati wa chakula ilikuwa vilevile. Wasichana walikaa kwenye nyasi kwa makundi na bakuli zao za makande. Nilipowasogelea waliinuka wote. Mmoja alikimbia ofisini kuniletea kiti. Nikishaketi, mazungumzo yao yalikuwa ya watoto mbele ya mkwe: ndiyo mama, hapana mama. Mmoja alikumbuka kwamba hajaosha bakuli, mwingine akaitwa na mtu nisiyemsikia, na baada ya muda nilikuwa juu ya kiti katikati ya nyasi, nikila peke yangu. Binti yangu aliniuliza kwa simu, "Mama, shuleni una marafiki?" Nilimjibu kwamba nina wajukuu wengi mno. Alicheka, nami sikumweleza zaidi.

Yote hayo ningeyaweza. Mjane huzoea kula peke yake. Kilichokuwa na uzito kilikuwa Septemba, mwezi wa mtihani. Nilitaka kufaulu, na nilitaka kufaulu kwa kujua.

Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa na utaratibu wake. Hakuchapa. Alimwita mwanafunzi ubaoni, akampa swali, na akikosea, darasa lilipiga madawati kwa viganja mara mbili na kusema kwa pamoja, "Rudia." Huyo alibaki pale mpaka apate. Kejeli ziliruhusiwa, mradi zisiwe za matusi. "Huyo amegawanya kwa shoka." "Mpeni maji, ameona nyota." Aliyekosea alicheka pamoja nao, akafuta kwa kiganja, akarudia, na jambo alilolikosea hivyo hakulisahau. Nilikaa nikiwatazama wakikosea na kurekebishwa, mmoja baada ya mwingine, kwa wivu ambao sikuutarajia katika umri wangu.

Mimi sikuitwa. Nilinyoosha mkono Januari, nikanyoosha Februari. Mwalimu alinitazama kwa upole, akasema, "Mama hilo analijua," akamwita mwingine. Mara nyingi sikulijua.

Madaftari pia alisahihisha kwa namna yake. Jibu sahihi alilitia alama ya vema kwa wino mwekundu. Jibu la wenzangu lililokosewa alilikata, akaandika pembeni, "Soma swali." Katika daftari langu palikuwa na alama za vema tu, na penginepo palikuwa patupu. Niliuelewa utupu huo vibaya. Nilijua ana rundo la madaftari linalomfika kidevuni, nikadhani jicho lake limeruka, au kwamba anaona jibu linatosha na halihitaji wino. Hesabu zenye alama nyingi pamoja, kujumlisha na kuzidisha katika mstari mmoja, nilizifanya kama mtu anavyotembea njiani: unachokutana nacho kwanza unakimaliza kwanza. Hakuna aliyeniambia kwamba si hivyo. Watoto waliimba MAGAZIJUTO tangu darasa la tano, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, kwa mfuatano huo. Mimi darasa la tano sikupita, na wimbo huo niliusikia kama mchezo wao.

Mei tulifanya mtihani wa majaribio wa wilaya. Karatasi zetu zilisahihishwa na walimu wa shule nyingine, watu wasiojua nani ni mama na nani ni mtoto. Matokeo yalibandikwa ukutani nje ya ofisi Ijumaa, tarehe ishirini na nne. Nilipofika, kundi lililokuwa likisukumana pale lilitulia ghafla, likanipisha. Kiranja hakupisha. Alikuwa amesimama mbele ya karatasi, kiganja chake kimeshikilia ukuta.

"Ondoa mkono, mwanangu, nisome."

"Mama, hapa rangi bado mbichi."

Ukuta ule haukuwa umepakwa rangi tangu nimeujua. Nilisubiri. Alitazama chini, kisha aliondoa kiganja, na mstari uliokuwa chini yake ulikuwa wangu. Kiswahili nilikuwa juu ya wengi. Maarifa ya Jamii, vizuri. Hisabati nilipata sita kati ya hamsini, na hakukuwa na mtu chini yangu.

Sikwenda nyumbani. Nilichukua daftari langu na kumfuata mwalimu chini ya mti wa mgrevilea, mahali aliposahihishia kazi wakati hakuna baridi. Alinyanyuka kunipa kiti chake. Sikuketi. Nilifungua ukurasa wenye maeneo matupu na kuweka kidole juu ya la kwanza.

"Hili ni sahihi?"

Alilitazama. "Mama, unajua, ile siku nilikuwa na—"

"Ni sahihi au si sahihi?"

"Si sahihi."

"Na hili?"

Nilikipeleka kidole chini, utupu kwa utupu, mpaka mwisho wa ukurasa. Alipozungumza aliongea na daftari, si nami.

"Mama yangu mzazi ni wa umri wako. Nikikata jibu lako kwa kalamu nyekundu, ni kama nimemkata yeye. Mkono unakataa."

"Mama yako anafanya mtihani Septemba?"

"Hapana."

"Basi mwache nyumbani kwake."

Alitabasamu bila kutaka. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyapanga nikiwa njiani kutoka ukutani: kwamba aniite ubaoni, akate makosa yangu, na darasa linipigie madawati kama linavyowapigia wengine. Alitikisa kichwa. Alisema watoto hawatathubutu, na akasema wazazi watamwona kijana asiye na adabu.

"Hawathubutu kwa sababu wewe unaniamkia mbele yao kila asubuhi," nilimwambia. "Kuanzia Jumatatu mimi ndiye nitakayekuamkia."

Hapo alisimama kabisa. "Mama, usinifanyie hivyo. Nitapata laana."

"Ya nani? Mwenye kuitoa ni mimi, na sina mpango huo."

Tulikwenda kwa mwalimu mkuu, tukiwa kama watu wawili wanaogombea mpaka wa shamba. Mwalimu mkuu alitusikiliza wote, akavua miwani, akaifuta kwa khanga. "Mpaka wenu ni kizingiti," alisema. "Ndani ya darasa, huyu ni mwanafunzi. Akitoka nje, ni mama. Na wewe kijana, ukimwonea huruma ndani ya mlango ule, utanieleza mimi."

Jumapili yote nililifanyia mazoezi neno hilo moja. Si gumu kutamka. Nimelitamka kwa wazee maisha yangu yote. Lakini nilipojaribu kulisema jikoni, nikimfikiria kijana yule, sauti ilinitoka kama ya mtu anayeomba chumvi. Mume wangu alikuwa akiniambia, kwa utani, kwamba shingo yangu ilitengenezwa bila kiungo cha kuinamia. Kiti chake kilikuwa upande wa pili wa meza, na hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba kesho nitakitafuta hicho kiungo.

Jumatatu, tarehe ishirini na saba Mei, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani. Mwalimu aliingia, darasa likasimama. "Shikamoo, mwalimu." Sauti yangu ilichelewa. Ilitoka peke yake, baada ya za wote, na kila mtu akaisikia. Vichwa viligeuka. Mwalimu aliitazama sakafu.

"Marahaba. Kaeni."

Aliandika ubaoni: ishirini, jumlisha nne, zidisha tatu. Kisha aligeuka na kuninyooshea chaki. Hakusema mama.

Nilitembea mpaka mbele. Nilijumlisha ishirini na nne, nikazidisha kwa tatu, nikaandika sabini na mbili kwa tarakimu kubwa, kwa sababu sikutaka waseme nimeandika kwa woga.

"Darasa," mwalimu alisema, "jibu ni sahihi?"

Hakuna aliyejibu. Niliwapa mgongo, nikitazama vumbi la chaki kwenye vidole vyangu. Nilijua tayari kwamba nimekosea, maana kimya cha watoto waliojua jibu kina namna yake. Nilichoogopa hakikuwa kosa. Niliogopa kwamba watanihurumia, nitarudi kwenye dirisha langu, na Septemba itanikuta pale pale. Kimya kilipozidi nilihisi machozi yakija, na nikayakataza.

Kisha viganja viwili vilipiga dawati moja. Sikuona ni la nani. Vingine vilifuata, vichache, kisha vingi, kisha darasa zima.

"Rudia."

Nilifuta kwa kiganja. Nilifikiri labda nimejumlisha vibaya, nikajumlisha tena, nikapata sabini na mbili ileile.

"Rudia."

"Ameipenda hiyo sabini na mbili," mtu alisema nyuma. "Waandalieni harusi."

Walicheka. Kilikuwa kicheko cha darasa, si cha kuninyanyapaa, na kilinipitia mgongoni kama maji ya moto siku ya baridi. Mwalimu aliandika juu ya ubao herufi za MAGAZIJUTO, akagonga ZI kwa chaki mara moja. Nililitazama neno ambalo watoto waliliimba miaka mitatu. Nilizidisha kwanza. Nikajumlisha. Thelathini na mbili.

Hawakunipigia makofi, wala mwalimu hakunisifu. Alisema, "Kaa," akamwita mwingine. Jioni daftari langu lilirudi na majibu mawili yaliyokatwa kwa wino mwekundu, na pembeni, "Soma swali." Niliutazama ukurasa huo kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kueleza bila kuonekana mpumbavu.

Baada ya hapo nilikosea mara nyingi. Nilikosea sehemu, asilimia, eneo la mche duara. Wiki mbili baadaye kiranja na mwenzake waliweka mabegi kwenye dawati langu, wakidai lao limelegea msumari. "Sogea kidogo," kiranja alisema, na kiwiko chake kilinipiga ubavuni. Nilisogea. Julai, katika baridi ile ya Karatu inayoingia hadi kwenye mifupa, tulikaa watatu kama dawati lilivyokusudiwa, tukafundishwa kusiliba, yaani kujaza kwa penseli kiduara cha jibu bila kuvuka ukingo. "Wewe unasiliba kama unapaka ukuta," kiranja aliniambia. Nyumbani, jioni, nilifanya mazoezi kwenye meza yangu, na nilipogundua kosa niligonga meza mara mbili kwa kiganja, nikasema, "Rudia." Sauti ya mtu mmoja haitoshi kwa jambo hilo, lakini nililifanya.

Mtihani ulianza Jumatano, tarehe kumi na moja Septemba. Kanuni ya mtihani ni kila mtahiniwa na dawati lake. Niliwaona wenzangu wakitapatapa, hawajui waweke wapi viwiko, wakigeuka kumtafuta mtu wa pembeni ambaye hayupo. Katika chumba kile mimi ndiye niliyejua kukaa peke yangu. Swali lenye mabano na kuzidisha lilikuwa ukurasa wa kwanza. Nilianza na mabano. Nitasema hapa, ili nisirudi tena kwenye jambo hilo, kwamba matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu, na Hisabati nilipata C, na C hiyo hakuna aliyenipa kwa heshima.

Alhamisi, karatasi ya mwisho ilipokusanywa, watoto walitoka mbio wakiimba, wengine wakirusha masweta juu. Mimi nilibaki nimeketi. Nilichonga penseli ambayo haikuwa na kazi tena. Msimamizi, mtu mgeni kutoka shule nyingine, alikuja na kufuli mkononi.

"Mama, tunafunga."

Niliinuka na kuvuka kizingiti. Mwalimu wa Hisabati alikuwa akisubiri nje, mikono nyuma. Aliinama kidogo kama Januari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nyuma yake watoto walikuwa wamejipanga mstari kuniaga. Walileta vichwa, mmoja baada ya mwingine, nami niliweka kiganja juu ya kila utosi. Wa mwisho alikuwa kiranja. Nilitazamia anipige kiwiko, aseme lolote kuhusu ukuta na rangi. Aliinamisha kichwa kama wengine, akasubiri. Nilimgusa. Alisema, "Asante, mama," akawakimbilia wenzake waliokuwa wameshafika barabarani.

Nilirudi Ganako kwa miguu, nikapika ugali wa mtu mmoja. Kisha nilifungua daftari la Hisabati kwenye ukurasa uliobaki, nikaandika katika kona ya juu: Alhamisi, tarehe kumi na mbili Septemba. Nikapiga mstari kwa rula. Chini yake hapakuwa na swali.